Mkao wa Fuwele na Mwelekeo wa Neno: Istilahi za Metali ya Turbini katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Lugha hupimwa kwa mizani nyingi. Wapo wanaoipima kwa wingi wa wasemaji wake, wapo wanaoipima kwa umri wa maandishi yake, na wapo wanaoipima kwa ushairi wake. Mhadhara huu unakipima Kiswahili kwa kitu kinachoweza kushikwa kwa mkono mmoja: panga la turbini ya injini ya ndege. Swali linaloulizwa ni hili: je, yanayotokea ndani ya metali ya panga hilo wakati linapoganda yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili, hatua kwa hatua, bila maana kupotea njiani?

Swali hili si la anasa. Mnamo 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985 na hatimaye kifike chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa tangu wakati huo, iliyorudiwa mara nyingi zaidi ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Hoja ya namna hiyo haijibiwi kwa hotuba za kizalendo. Hujibiwa kwa kuchukua jambo gumu mahususi na kulipitisha katika lugha, kisha kuona ni wapi lugha imetosha na ni wapi imepungua.

Mifano mingi ya mhadhara huu imechotwa katika mkoa wa Singida. Sababu ni mbili. Kwanza, vitu vinavyosaidia kuzifafanua dhana hizi viko pale, juu ya ardhi, mbele ya macho ya kila mtoto: mawe ya graniti, ukoko wa chumvi wa ziwa Singidani, na mashamba ya mtama na uwele. Pili, Singida imekuwa njia panda ya umeme nchini. Msongo mkubwa unaotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga hupita hapo, na ndipo ilipoanzia njia inayoelekea Arusha, Namanga hadi Isinya nchini Kenya. Sehemu ya umeme unaoingia katika gridi hiyo huzalishwa Dar es Salaam kwa turbini zinazoendeshwa na gesi asilia, iliyoanza kutumika kwa kazi hiyo mwaka 2004 ilipofika kutoka Songo Songo. Mwanafunzi anayesoma usiku Ikungi au Manyoni huenda anasomea mwanga uliotokana na mapanga yanayozungumziwa hapa.

2.0 Jambo lenyewe

Kabla ya kuyajadili maneno, yafaa kulieleza jambo. Katika injini ya ndege kubwa, gesi inayotoka katika chumba cha mwako na kuyapiga mapanga ya kwanza ya turbini huweza kuzidi nyuzi joto 1,500 za sentigredi. Nikeli, ambayo ndiyo metali kuu ya mapanga hayo, huyeyuka kwa nyuzi 1,455, na aloi zake huanza kulainika na kuyeyuka kabla ya hapo. Panga husalimika kwa sababu limetobolewa mifereji ya hewa ya kupoza ndani yake na kupakwa tabaka la kauri kwa nje. Hata hivyo, metali yake huishi karibu sana na mpaka wa kuyeyuka, na wakati huohuo panga linazungushwa maelfu ya mara kwa dakika. Mzunguko huo hulivuta kutoka kitovuni kwa nguvu inayoweza kuzidi uzito wa tani 10, ingawa panga lenyewe lina uzito wa gramu mia chache tu.

Metali inayovutwa hivyo katika joto hilo haikatiki mara moja. Hurefuka kidogo kidogo, saa baada ya saa, hadi ikafa. Na mahali inapoanzia kufa ni kwenye mipaka ya punje zake. Metali ya kawaida, ikiganda, huwa si kitu kimoja bali ni mkusanyiko wa fuwele nyingi ndogo zilizobanana, kila moja ikiwa na mpangilio wake wa atomu. Mipaka baina ya fuwele hizo, hasa ile inayokatiza njia ya mvuto, ndiyo sehemu dhaifu katika joto kali.

Wahandisi wa kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani, akiwamo Francis VerSnyder, walilishughulikia tatizo hili katika miaka ya 1960 kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ilikuwa kuigandisha metali kutoka upande mmoja ili punje zake ziwe ndefu kama nguzo, zikifuata urefu wa panga, na mipaka ya kukatiza iondoke. Hatua ya pili ilikuwa kuiondoa mipaka yote: panga zima liwe fuwele moja. Mapanga ya aina hiyo yaliingia katika usafiri wa abiria mwaka 1982 katika injini ya JT9D-7R4. Leo ni jambo la kawaida katika injini za ndege kubwa.

3.0 Fuwele, bilauri na punje

Istilahi ya kwanza ni fuwele. Neno hili limekwisha kukaa katika kamusi na katika vitabu vya kemia, na hakuna haja ya kulitafutia mbadala. Linalostahili kuangaliwa ni jirani yake, bilauri. Katika Kiarabu, neno lililozaa bilauri lina maana ya fuwele au jiwe angavu. Lilipofika katika Kiswahili, maana yake ilihamia kwenye chombo: bilauri ni gilasi ya kunywea maji. Mwendo huu wa maana una funzo. Wasemaji walichukua ung'avu, wakaacha mpangilio. Lakini kwa mwanasayansi, ung'avu si sifa ya fuwele. Kioo cha bilauri hung'aa ilhali atomu zake hazina mpangilio wa kujirudia, kwa hiyo si fuwele; na panga la turbini halipitishi mwanga hata kidogo, ilhali ni fuwele kamili. Mwalimu anayefundisha fuwele hana budi kuanza kwa kuuvunja uhusiano huu wa ung'avu, na kwa kazi hiyo chumvi ni msaada mzuri kuliko almasi. Chembe ya chumvi ya mezani ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonyesha umbo la mchemraba, na umbo hilo la nje ni ishara ya mpangilio wa ndani.

Istilahi ya pili ni punje. Kiingereza hutumia neno lilelile kwa punje ya nafaka na kwa fuwele moja ndani ya metali, na watafsiri wengi wa Kiswahili wamefuata njia hiyo. Je, punje inafaa? Punje za mtama ghalani hazikushikamana. Zikimwagwa hutawanyika, na baina yake pana nafasi tupu. Punje za metali zimebanana bila nafasi, na kila moja imechukua umbo lililoachwa na jirani zake. Mwanafunzi akielewa punje kwa maana ya ghala, hataelewa kwa nini mpaka wa punje ni kitu cha kujadiliwa.

Hata hivyo, chembe ambayo hupendekezwa badala yake imekwisha kubebeshwa mizigo mingi mno katika fizikia na biolojia. Suluhisho si kubadili neno bali ni kubadili mfano unaoandamana nalo. Mtu aliyepasukiwa na jiwe la graniti Singida ameona kwa macho punje za aina tatu au nne, nyeupe, za kijivu, za waridi na nyeusi, zilizofumana bila mwanya. Hizo ni fuwele zilizoota chini ya ardhi wakati ujiuji wa moto ulipopoa taratibu, katika sehemu ya ganda la dunia yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wavunja mawe huwasha moto juu ya jiwe kwa sababu punje hizo hazitanuki kwa kiasi kimoja, na jiwe hulegea. Hapo mpaka wa punje hauhitaji maelezo marefu. Punje ya graniti inafaa kuwa mfano wa punje ya metali; punje ya mtama haifai.

4.0 Kukua, kumea na kuota

Suala la tatu ni la kitenzi, na vitenzi husahauliwa mara nyingi katika orodha za istilahi, kana kwamba sayansi ni nomino tupu. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa mtoto, mti, uchumi na fuwele kuongezeka. Kiswahili kina vitatu kwa uchache. Mtoto hukua: mwili wake wote huongezeka, ndani na nje kwa pamoja. Mbegu humea: hupata uhai na kutokeza. Meno, nywele, pembe na ndevu huota: hutokeza kutoka kwenye shina au ngozi na kwenda upande fulani.

Fuwele katika metali inayoganda haikui kama mtoto. Sehemu iliyokwisha kuganda haiongezeki. Atomu mpya hujipanga juu ya uso wake tu, pale inapokutana na kimiminika. Ongezeko hilo lina chanzo na lina upande linakoelekea. Kitenzi chake stahiki, basi, ni kuota, na nomino yake ni uoto. Ni kweli kwamba kuota kuna maana nyingine, kama vile kuota ndoto na kuota moto, lakini muktadha huzitenga bila taabu, kama unavyozitenga katika mazungumzo ya kila siku. Mwandishi anayesema fuwele inakua hajakosea kisarufi. Amepoteza habari ambayo lugha yake ilikuwa tayari kumpa bure.

Faida hii huonekana zaidi katika dhana ya dendriti. Metali hii inapoganda, uso wake hausongi mbele ukiwa bapa. Hutokeza vichomozi vinavyotangulia katika kimiminika, na kila kichomozi hutoa matawi ubavuni, na matawi hutoa vitawi. Kwa kuwa atomu za nikeli zimepangwa kwa mchemraba, matawi hutoka pande nne, kila moja likisimama kwa pembe mraba na shina lake. Umbali kati ya shina na shina ni sehemu ya milimita tu, na hupungua kadiri metali inavyopozwa upesi. Baina ya matawi, kimiminika cha mwisho huganda kikiwa na mchanganyiko tofauti: tungsteni na reni hubaki kwa wingi katika mashina, ilhali alumini, titani na tantali husukumwa kwenye nafasi za kati. Tofauti hii hupunguzwa baadaye kwa kulichoma panga katika tanuri kwa saa nyingi.

Neno dendriti limetokana na Kigiriki lenye maana ya mti. Zipo njia mbili: kulitohoa kama lilivyo, au kusema fuwele mti. Utohozi una faida ya kumuunganisha msomaji na maandishi ya kimataifa, na hasara yake ni kwamba mti uliomo ndani ya neno haumwonekani msomaji wa Kiswahili. Busara ni kuvitumia vyote kwa mgawanyo: dendriti liwe jina la kitaalamu, na maelezo yake yajengwe kwa shina, tawi na kitawi, maneno ambayo hayahitaji kamusi. Utohozi wa jina haudhuru iwapo maelezo yamebaki katika lugha ya msomaji.

5.0 Mkao na mwelekeo

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Maandishi mengi ya Kiswahili hutumia mwelekeo kwa dhana mbili tofauti: upande ambako kitu kinakwenda, na namna kitu kilivyokaa kikilinganishwa na kingine. Katika mazungumzo ya siasa au uchumi mchanganyiko huo hauleti madhara. Katika metali ya turbini huangusha hoja nzima.

Katika kiwanda, kalibu ya kauri iliyojazwa metali ya kuyeyuka husimamishwa juu ya bamba la shaba linalopozwa kwa maji, kisha hushushwa taratibu kutoka katika tanuri, milimita chache kwa dakika. Mbinu hii ina asili katika kazi ya mwanafizikia Percy Bridgman, aliyeichapisha mwaka 1925. Joto hutoka kwa chini, kwa hiyo fuwele huota kwenda juu. Huo ni mwelekeo wa uoto, nao huamuliwa na tanuri. Lakini fuwele inayoota kwenda juu yaweza kuwa imekaa wima au imeinama: kingo za mchemraba wa atomu zake zaweza kulingana na urefu wa panga au kwenda mshazari. Hilo haliamuliwi na tanuri peke yake. Limo katika fuwele yenyewe. Hilo ndilo linalostahili kuitwa mkao.

Kwa nini tofauti hii ni muhimu? Kwa sababu fuwele ya nikeli haina ukakamavu sawa pande zote. Ikivutwa kwa kufuata ukingo wa mchemraba, ukakamavu wake ni chini ya nusu ya ule wa kufuata mshazari unaopita katikati ya mchemraba. Panga huwashwa na kupozwa kila ndege inaporuka na kutua. Sehemu zake hutanuka na kunywea kwa viwango tofauti. Metali isiyo kakamavu sana huvumilia kutanuka huko kwa mkazo mdogo, na hivyo haipati nyufa mapema. Kwa hiyo wahandisi hutaka ukingo wa mchemraba ulingane na urefu wa panga, na panga lililopotoka zaidi ya nyuzi 10 au 15 kwa kawaida hukataliwa. Mkao hupimwa kwa miale ya eksirei, kwa kuwa jicho haliwezi kuuona.

Sasa izingatiwe sentensi hii: Mwelekeo wa fuwele ulikuwa sahihi, lakini panga lilikataliwa kwa sababu ya mwelekeo wa fuwele. Sentensi hiyo ni fumbo. Ikiandikwa kwamba mwelekeo wa uoto ulikuwa sahihi, lakini panga lilikataliwa kwa sababu ya mkao wa fuwele, fumbo limefumbuka. Hakuna neno jipya lililoundwa. Mkao limetokana na kukaa kwa kanuni ileile iliyozaa mwendo kutokana na kwenda, na kila mzungumzaji analijua. Kilichofanyika ni kugawa kazi kati ya maneno mawili yaliyokuwapo. Sehemu kubwa ya kazi ya istilahi ni mgawanyo wa namna hii, si uvumbuzi.

6.0 Msongano, upekee na mvutiko

Fuwele moja hupatikanaje? Kwenye bamba la shaba huanza fuwele nyingi kwa pamoja, kila moja na mkao wake. Dendriti hupendelea kuota kwa kufuata kingo za mchemraba. Fuwele iliyokaa wima hupanda moja kwa moja. Iliyoinama hupoteza urefu kwa kwenda upande, hubaki nyuma, na hatimaye huzibwa na jirani zake. Baada ya sentimita chache husalia fuwele chache zilizo karibu na wima. Hizo huingizwa katika njia nyembamba iliyopindwa kama parafujo, ambamo moja tu huweza kupenya hadi juu na kulijaza panga zima.

Kiingereza huuita uoto huo wa mashindano. Tafsiri sisisi ya namna hiyo inaeleweka, lakini inaleta picha ya wakimbiaji wenye nia ya kushinda. Mkulima wa Singida ana picha sahihi zaidi. Mbegu nyingi za mtama zikiangukia shimo moja, miche husongana. Iliyowahi kusimama huizuia jua ile iliyolala, na mkulima hupunguzia mpaka ibaki inayofaa. Msongano ni jina la hali hiyo, na njia ya parafujo ndiyo inayopunguzia. Ufanani una kikomo chake: miche hunyang'anyana jua na rutuba, ilhali fuwele hunyang'anyana nafasi tu. Mwalimu anapaswa kukitaja kikomo hicho.

Istilahi ya fuwele moja nayo ina mtego. Mtu akisema mapanga 60 ya fuwele moja, msikilizaji anaweza kudhani kwamba yote 60 yalichongwa kutoka fuwele moja kubwa. Kiswahili kina dawa ya zamani: uradidi. Mapanga 60 ya fuwele mojamoja ni mapanga ambayo kila moja lina fuwele yake. Lugha nyingi zinazoongoza katika uhandisi hazina njia fupi kama hiyo ya kuonyesha ugawaji.

Kuhusu kule kurefuka kwa polepole kunakoliua panga, Kiingereza hutumia kitenzi cha kutambaa. Kukitafsiri hivyo ni kosa, kwani kinachotambaa huhama mahali pake, na metali haihami. Unyumbufu nao haufai, kwa kuwa kilichonyumbuka hurejea kilipoachiwa. Kauli ya kutendeka ya kitenzi vuta ina uwezo unaotakiwa: kinachovutika hupokea mvuto kidogo kidogo. Mvutiko ni nomino inayopendekezwa. Kwa aloi zenyewe, kiambishi cha Kiingereza chenye maana ya ukubwa au ubora kinasifu bila kueleza. Aloi stahimilivu hueleza kinachofanyika.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba Tanzania haitengenezi mapanga haya, kwa hiyo maneno hayana kazi. Jibu ni kwamba nchi huyatumia. Tangu mwaka 2018 Air Tanzania imerusha Boeing 787-8, na gridi ya taifa inategemea turbini za gesi pamoja na zile za maji, zikiwamo 9 za bwawa la Julius Nyerere zenye uwezo wa megawati 235 kila moja. Anayenunua, anayekagua na anayekarabati ana haki ya kuelewa anachokishika. Aidha, nikeli imo katika ardhi ya Kabanga, wilayani Ngara.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: istilahi zimeundwa kwa miaka mingi, na bado hazitumiki. Kamati ya lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, BAKITA iliyoundwa mwaka 1967, na TUKI, iliyotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na kuwa sehemu ya TATAKI mwaka 2009, zimefanya kazi kubwa. Lakini neno lisilofundishiwa hubaki kabatini. Mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya umma, kisha Kidato cha Kwanza hukutana na mambo mapya kwa lugha mpya kwa wakati mmoja. Wengi hukariri. Anayekariri anaweza kuandika katika mtihani kwamba mwelekeo ni muhimu, bila kujua ni upi kati ya ile miwili. Hasara hiyo haionekani katika orodha yoyote ya maneno, nayo ndiyo kubwa kuliko zote.

8.0 Hitimisho

Uchunguzi huu umeonyesha mambo matatu. Kwanza, majina ya elementi na baadhi ya majina ya kitaalamu yatoholewe bila haya: nikeli, reni, tantali, dendriti. Pili, vitenzi na maneno ya uhusiano, kama kuota, kusongana, mkao na mwelekeo, yatafutwe ndani ya lugha, kwa sababu humo ndimo hoja inamojengwa. Tatu, kila istilahi iandamane na mfano uliopimwa, na kikomo cha mfano huo kitajwe.

Kiswahili hakikupungua katika jaribio hili isipokuwa pale watumiaji wake walipokibebesha neno moja kazi mbili. Kazi iliyobaki ni ya darasani. Mwalimu wa fizikia wa Singida akiokota jiwe la graniti njiani na kuingia nalo darasani, amekwisha kuanza somo la metali ya turbini, na maneno ya kuliendeleza yapo.